Nachagua Koroma

Jumapili ya kwanza ya Novemba, ukumbi wa shule, Rochdale.
Mvua inagonga paa kama mwenye nyumba anayedai kodi.
Nimetoka zamu ya usiku, viatu vya hospitali vingali miguuni,
napenya kati ya wanaume wenye lenzi za kukuzia
wanaoinamia vyuma kama watu wanaotafuta mwiba kidoleni.

Wao wanasaka panga za kale,
zilizokunjwa na kufuliwa, zikakunjwa tena,
zenye wimbi la ukungu makalini
na jina la mhunzi lililofichwa ndani ya mpini.
Mimi naenda meza ya mwisho, karibu na choo,
kwa bwana Entwistle, anayeuza alichoshindwa kuuza mwaka jana.

"Umerudi," anasema. "Ninao mmoja. Ila ni mbaya."

Mbaya ndio niutakao.
Mchagua nazi hupata koroma, walisema waliotutangulia.
Mimi koroma nalichagua kwa macho makavu.

Tazama:
ala ya mti, rangi nyeusi imepakwa mbiombio,
unywele wa brashi umenasa humo tangu siku ile.
Chini ya kamba za mpini hapana ngozi ya samaki;
pana turubai, turubai la hema.
Kikingio cha mkono ni chuma kitupu,
maana shaba ilikwisha kwenda kuwa maganda ya risasi.
Mgongoni alama za tupa, hakuna aliyepata muda wa kuzifuta.
Na muhuri wa kiwanda umekaa upande,
kama aliyeugonga alikuwa akitazama angani.

"Arobaini na tano," anasema Entwistle. "Hata mkaa walikuwa wakiuhesabu."

Pauni mia tatu na ishirini. Zamu nne.
Nauviringisha kwenye pazia kuukuu, napanda basi.
"Fimbo ya kuvulia?" anauliza dereva.
"Ya pazia," namjibu, na nusu ya jibu ni kweli.

Huu ni wa saba. Nimeupanga ukutani kwa miaka yao,
na ukiufuata ukuta kutoka mlangoni hadi dirishani
unaona nchi ikivuliwa nguo:
kwanza shaba, kisha ngozi, kisha kamba ya hariri,
kisha subira.

Raya, binti yangu, ana miaka kumi na moja.
"Mama, huu ulimuua nani?"
Sijui.
Labda haukutoka ghalani. Labda ulikata miwa.
Labda ulikata shingo, na shingo hiyo ilikuwa na mama.
Siwezi kuuosha kwa labda.

Babu Shaame, ndugu wa babu yangu, alikuwa keya.
Walimvusha maji hadi Bama.
Alirudi Wete na koti moja na kikohozi kisichokwisha,
na watoto tulipomzunguka, tukitaka Wajapani,
tukitaka mizinga, tukitaka damu,
alisema, "Walikuwa na njaa."
Kisha akaomba chumvi.

Wenye panga za kale huzipaka mafuta yaliyotiwa karafuu.
Kama huu wangu, nadhani, ulionja grisi ya injini tu, basi.
Kwa hiyo nimekwenda duka la dawa, Yorkshire Street,
nikanunua kichupa cha mafuta ya karafuu,
yale ya jino bovu.
Tone moja kwenye mafuta mepesi, kitambaa laini,
toka kikingioni hadi nchani, polepole, bila kurudi nyuma.
Chuma hiki hakikutendewa hivi hata siku moja.
Sijui namtendea nani.

Jiko zima limekuwa Wete, msimu wa mavuno:
majamvi uwanjani, vidole vya mama vyenye rangi ya vikonyo,
kucha zake zisizotakata mpaka mfungo uingie.
Nasimama na upanga wa watu mkononi, nimefumba macho.

Raya anafungua dirisha, mvua inaingia.
"Kunanuka daktari wa meno," anasema.